Kitenge cha Muke Wangu Kilipika Mashine ya Bwana

Kosa lilikuwa langu. Si la mafuta, si la kipimo, si la barabara ya Niemba, na hata kidogo si la Ramazani. Langu mimi, kutoka mwanzo hadi mwisho! Watu wa garaji wamekwisha kunicheka hadi wakachoka, sasa ni zamu yenu. Jina sitatia. Muke wangu amekataza.

Mimi ni fundi wa mashine hapa Albertville, mahali siye wenyeji tunasema Kalemie. Miaka mingi nimetengeneza kamiyo, yale malori yanayokwenda Niemba na Kongolo. Kamiyo ikikohoa tu, mimi niko mbali nakula muhogo, nasema, "Ile ni pompi ya mafuta." Na kweli inakuwa pompi! Basi kichwa kikavimba. Nikaanza kutembea mikono nyuma kama daktari.

Ramazani alikuwa mutu wa mafuta pale garaji. Kumwaga ya zamani, kutia mapya, kupima kwa kijiti, hiyo njo kazi yake. Ni mutoto wa Waislamu wa zamani wa hapa ziwani, mutu mupole, anasema kidogo. Tulikuwa marafiki wa kweli. Kila Idi mama yake, Mama Zaina, alinitumia sahani ya pilau, mimi Mukristo. Siku hiyo nilimukataza muke wangu kupika.

Sasa sikieni. Bwana mwenye garaji, Mugiriki mumoja, alileta gari la mbio. Dogo, la chini, ukitaka kuingia lazima ujikunje. Mashine iko nyuma, mahali watu wengine wanatia mizigo! Tena haina maji, haina radiyateri, inapozwa na hewa tu. Na mbele ya usukani kuna kipimo cha moto wa mafuta. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, Bwana alikimbizana na rafiki yake kwenye barabara ya Niemba, na jioni tulimusikia akijisifu.

Kiangazi kikafika, na vumbi. Ninyi munajua vumbi jekundu la ile barabara, linaingia hata ndani ya yai! Kwa kamiyo, sisi mafundi tulikuwa na desturi yetu: unafunga kitambaa chepesi pale mashine inapovutia pumzi, vumbi linabaki inje. Kila juma unakikunguta. Ni desturi nzuri, kwa kamiyo.

Siku moja nikafungua kifuniko cha nyuma cha lile gari. Nikaona matundu ya hewa, wazi kabisa. Nikasema moyoni, hawa watu wa Ulaya hawajui vumbi, ngoja niwasaidie. Nikaenda nyumbani, nikakata kitenge cha muke wangu, cha zamani, chenye picha za ndege. Nikakifunga kwa waya upande wa ndani, vizuri sana, hata hakionekani. Sikumuuliza mutu. Ramazani hakuwepo, alikuwa amekwenda Kiambi kuzika ndugu yake.

Halafu nikasahau. Ndiyo, nikasahau! Hata kukikunguta sikukikunguta.

Mwezi haujaisha, Bwana akarudi amekasirika. Mushale wa kipimo unapanda, unaingia kwenye sehemu nyekundu. Akaniita mimi, fundi mukubwa.

"Kipimo kinadanganya, Bwana," nikasema, hata kifuniko sijafungua.

Nikafungua ile sehemu ya kipimo inayoingia ndani ya mafuta. Nikaazima sufuria ya muke wangu, ile ya kupikia bukari, ugali wetu, nikachemsha maji katikati ya garaji, nikaitumbukiza. Watu wote wamesimama wanaangalia. Maji yakachemka, na mushale ukasimama palepale kwenye mia, moto wa maji yanayochemka.

"Papa, kipimo kinasema kweli," Ramazani akasema polepole. "Mafuta yana moto kweli."

Tukapima mafuta kwa kijiti, kiasi chake sawa. Tukamwaga, tukatia mapya. Nikapeleka gari mwenyewe. Sijafika mbali, mushale huo unapanda tena! Nikarudi najifanya nafikiri.

Ramazani akazunguka gari. Akasema, "Papa, hii mashine haina maji. Inaishi kwa hewa. Tuangalie njia ya hewa."

Na mimi nikamujibu nini? Aka, hata kuandika naona haya! Nikasema, "Wewe ni mutu wa mafuta. Mambo ya hewa waachie ndege." Garaji nzima ikacheka. Ndege! Na ndege wenyewe walikuwa mule ndani, kwenye kitenge!

Siku ya Mungu iliyofuata, Bwana akasimama karibu na Niemba, moshi unatoka nyuma. Heri alizima mapema, mashine haikukwama. Akavutwa na kamiyo ya muhogo, rafiki yake akiangalia. Mutu aliyezoea kushinda, kuvutwa na muhogo!

Akaingia garaji uso mwekundu. "Ni kosa la nani?"

Nikaogopa. Naungama, niliogopa kazi yangu, niliogopa jina langu la fundi mukubwa. Mudomo ukasema wenyewe, "Ni mafuta, Bwana. Ramazani alitia mafuta mazito ya kamiyo."

Ramazani akaniangalia. Hakukasirika. Alikuwa anangoja niseme nimekosea, nimechanganya, lolote. Mimi nikainama kutafuta spana, na spana ilikuwa mukononi mwangu. Akafukuzwa siku ileile.

Baada ya siku mbili, nakula, muke wangu akaniuliza, "Baba watoto, ile kitenge yangu ya ndege, nani ameikata nusu?"

Nikarudisha tonge sahanini. Ee Mungu! Sikumaliza chakula.

Asubuhi nikafika garaji wa kwanza, nikafungua kifuniko. Kitenge kilikuwa palepale, kimekauka kwa vumbi na mafuta, kigumu kama ngozi ya mbuzi. Mashine ile ilikuwa imezibwa pua tangu siku ile, na aliyeiziba ni daktari wake. Nikakitoa, nikakitia mufukoni, nikapeleka gari hadi kwenye mulima na kurudi. Mushale ukalala chini, umetulia.

Siku hiyo njo nilipaswa kusema. Lakini Bwana akanishika mukono mbele ya watu wote, akasema hakuna fundi kama mimi kutoka hapa hadi Kongolo. Na mimi, mupumbavu wa kupindukia, nikajibu, "Ni kazi ya akili, Bwana." Kitenge kiko mufukoni! Kinanuka!

Ramazani alipata kazi ya kubeba magunia bandarini. Nikabadilisha njia ya kwenda kazini, nikazunguka mbali, nisikutane naye.

Halafu Idi ikafika. Nilijua sahani haitakuja, nikamwacha muke wangu apike. Saa sita, hodi. Pilau! Na nyama juu, kuliko miaka yote. Mutoto wa jirani aliyeleta akasema, "Mama Zaina anasema asante, kwa kumutetea Ramazani kwa Bwana."

Kumbe Ramazani hakumwambia mama yake kweli, alimwambia mimi nilimutetea. Kubeba magunia anabeba, na jina langu analilinda. Nilikula matonge mawili, la tatu likakataa. Nikalia mbele ya watoto wangu, mutu muzima.

Kesho yake nikaingia kwa Bwana, nikaweka kitenge juu ya meza yake, nikasema yote. Alikikunjua, akaona wale ndege, akacheka hadi machozi. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia vibaya sana. Ramazani akarudishwa, akapewa nafasi yangu. Mimi leo njo mutu wa mafuta. Nikimwaga mafuta, wananiuliza, "Fundi wa kitenge, leo utavalisha gari gani?" Najibu, nacheka nao, nimestahili.

Ramazani alinipa mukono. Alisema yameisha, na kazini hajanionea hata siku moja. Nikaenda kwa mama yake pia, nikamwambia kwa mudomo wangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema tu, "Kumbe," akaendelea kuchagua muchele wake.

Ninyi mafundi, na ninyi musio mafundi, kitu kikiharibika, muanze kutafuta pale mulipogusa ninyi wenyewe. Na mukikiona kitenge chenu, mukitoe mbele ya watu, palepale, kabla mutu mwingine hajaanza kubeba magunia yenu. Kuchekwa kunapita. Mimi nachekwa kila siku na bado naishi.

Lakini Idi ya mwaka huu nilimukataza muke wangu kupika. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Nimekaa mulangoni, watoto wananiuliza tunangoja nini. Saa kumi muke wangu akainuka, akawasha moto.