Aliyewazuia Wanakwaya Mlangoni

Mtaniambia ni dawa za usingizi. Semeni tu, nimezoea. Lakini siku ile sikuwa nimepewa dawa yoyote, maana vita vilikuwa vimekata njia ya reli na kabati la dawa la hospitali lilikuwa tupu. Jua lilikuwa bado juu, nami nilikuwa macho kabisa.

Risasi ilinipata kifuani nikitoka shuleni nilikofundisha, hapa hapa Kamina. Haikuwa yangu hata. Askari walikuwa wakigombana wao kwa wao. Daktari alinifungua kifua, akanishona. Kitanda cha jirani alilala Ilunga, fundi wa reli, aliyepasuliwa kifua kabla yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kukohoa. Unacheka? Ukishonwa kifua, hata kukohoa ni kazi ya kujifunza. Mkewe alimshonea mto mdogo wa kitambaa cha buluu, na kikohozi kilipomjia aliukumbatia kwa nguvu.

"Kamata oreye yako hivi, mwalimu," aliniambia, akinionyesha mto wa kitanda changu. "Ukiachilia, nyuzi zitapasuka."

Jumapili moja kwaya ya kanisa lake ilikuja kumwimbia. Kwetu mgonjwa hasalimiwi kwa mbali: unamshika mkono, unamwinamia, unamwombea usoni. Nusu ya wanakwaya walikuwa na gripe, yale mafua makali yaliyoenea mjini. Nani angewakataza? Mimi nilikuwa chumba cha bandeji, niliwasikia tu, na waliimba vizuri, sitaki kusema uongo. Baadaye Ilunga alishikwa na homa, kikohozi kikafuata, wakamhamishia chumba kingine. Mapafu yaliyotoka kushonwa hayana nguvu ya kupigana na gripe. Alipokufa nilimlilia polepole, kwa sababu hata kulia kunatikisa kifua. Mkewe aliuweka ule mto ndani ya jeneza, maana kwetu kitu alichofia mtu hakilaliwi na mwingine. Niliona kwa macho yangu likipigwa misumari uani.

Jumapili iliyofuata ikawa zamu yangu. Mama yangu mkubwa alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. Niliwasikia wakija uani, wanaimba na kukohoa, wanakohoa na kuimba. Niliogopa sana, sikutaka kufa. Lakini nani humwambia mama yake mkubwa arudi nyumbani?

Hapo ndipo nilipomwona Ilunga. Alisimama mlangoni, amenipa mgongo, mto wa buluu umebanwa kifuani, pembe yake ikitokeza ubavuni. Mto ulikuwa umeshika udongo mwekundu. Niamini au usiniamini, sikupiga kelele. Nilikumbatia mto wangu tu.

"Musiingiye," alisema, kwa sauti ile ile ya mtu anayechunga nyuzi zake.

"Weye njo nani?" aliuliza mama mkubwa. "Minyi niko mama yake. Nimetoka mbali."

"Najua, mama. Mumuimbiye ku dirisha. Bantu yangu baliniimbia muzuri sana, lakini balinikaribia."

Mama mkubwa alitii, jambo ambalo sikuliona tena maisha yake yote. Akawapeleka watu wake dirishani, wakaimba kutoka nje. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Mfagiaji aliondoa udongo sakafuni huku akinung'unika.

"Ule bwana wa oreye ya buluu iko mugonjwa wa nini?" mama mkubwa aliniuliza kutoka dirishani. Nilimwambia nimechoka. Siku zile zile karibu kwaya nzima ililala na gripe, yeye akiwamo. Nilimjibu baada ya kutoka hospitali, kwamba yule alikuwa Ilunga, aliyezikwa kabla hawajaja, naye akakaa chini pale pale aliposimama.

Kuanzia hapo alisalimia wagonjwa wote kutoka dirishani. Watu walimwita mwenye majivuno, naye akaendelea kuimba nje. Mimi nikiwa na mafua, miguu yangu inakataa kabisa kuvuka mlango wa mgonjwa, hata awe ndugu yangu.

Kwa hiyo wewe unayekwenda hospitali na kikohozi chako, tena kwa upendo, simama nje uimbe. Na ukikuta mtu mlangoni amekumbatia mto, usibishane naye. Yeye hakuwa na wa kumzuilia mlango.