Siku Mwana Alipopakwa Hina

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa kuni na maji, aliyeheshimiwa kuliko wote nyumbani kwetu Misima alikuwa mwanasesere. Sifanyi mzaha. Baba alikuwa na kauli yake, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa na kauli kubwa zaidi, lakini hata Bibi alipopita jikoni chini ya uchaga alikolazwa yule mwanasesere alishusha sauti. Tulimwita Mwana. Mama yake Bibi ndiye aliyemshona, enzi za Mjerumani, kwa merikani na kaniki, akamjaza pamba. Kichwani alimtia nywele za katani zilizosuguliwa masizi na mafuta ya nyonyo mpaka zikawa nyeusi ti.

Mliokulia mjini mtadhani nazungumzia mchezo wa watoto. Mwana hakuchezewa. Katika ukoo wetu, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, na humo ndani alikabidhiwa Mwana amlee: ambebe, amlaze, amchane nywele na kuzipaka mafuta. Siku ya kutoka alimrudisha kwenye uchaga, na Mwana akabaki kumngoja mwali mwingine. Aliyemlea vizuri angezaa, aliyemzembea tumbo lake lingekauka. Nywele zake ndizo zilizotoa habari. Zikiwa nyeusi, watoto watakuja. Zikififia, kuna binti wa nyumba ile aliyeharibu. Mimi niliamini yote hayo, na Bibi aliamini kuliko mimi.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa kwenye mistari, na bwana afya akasisitiza jiko lijengwe mbali na nyumba. Bibi hakukubali Mwana alale kwenye kibanda ambamo mbuzi walijiingilia watakavyo, akamfungia ndani ya sanduku la mbao uvunguni mwa kitanda. Alidhani amempandisha cheo. Hakuna aliyejiuliza ni nini kilichokuwa kikiziweka zile nywele nyeusi miaka yote.

Wakati huo shangazi yangu Mwanaidi, binti wa mwisho wa Bibi, alikuwa ameolewa Makuyuni na kijana mkulima aitwaye Hemedi. Walipendana, na hawakuficha. Hemedi alisemwa na wenzake kwa kumchotea mkewe maji. Lakini miaka ilipita na Shangazi hakushika mimba. Mama mkwe wake, Bi Zaina, alivumilia, akanung'unika, mwishowe akatuma salamu kwamba Ijumaa baada ya swala watakuja kwetu kumwona Mwana. Kila mtu alijua maana yake. Wakizikuta nywele zimefifia, kosa ni la kwetu, na Shangazi atarudishwa ili Hemedi aoe mwingine.

Shangazi alitangulia kwa basi siku ya Alhamisi. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa Bibi, hata maji hakunywa, akavuta sanduku na kulifungua. Nilikuwa nyuma yake, nikaona. Nywele zilikuwa zimerudia rangi ya kamba, njanonjano, weusi umebaki kidogo tu kwenye mashina. Shangazi aliketi sakafuni akalia kilio ambacho sikuwahi kumsikia mtu mzima akilia.

Mama yangu ndiye aliyeing'amua sababu. "Ni moshi," alisema. "Kule kwetu kwa zamani alilala juu ya mafiga, moshi ukimpaka kila siku. Humu sandukuni moshi atautoa wapi? Mama, waambie wakwe hivyo."

"Nikiwaambia moshi, watasema natafuta pa kujifichia," Bibi alijibu.

Shangazi alifuta machozi, akafungua fundo la kanga yake na kutoa pakiti. Alikuwa amepitia duka la Mhindi Korogwe ya zamani akanunua piko, ile rangi nyeusi ya unga wanayojipaka wazee wasiotaka kuitwa wazee. Kumbe alikuwa na wasiwasi tangu huko.

"Tumpake leo, Mama. Kesho atakuwa amekauka. Nani atajua?"

Niliitamani ile pakiti. Juu yake palichorwa mwanamke mwenye nywele nyeusi zinazong'aa, zimemwagika mpaka kiunoni, na nilishaanza kupiga hesabu ya kuomba kitakachobaki nijaribu kwenye nywele zangu za kipilipili.

Bibi aliishika, akaigeuza, akamrudishia mwanawe. "Piko haikai, Mwanaidi. Ukianza na mkweo kwa rangi hii, utapaka mpaka unazeeka. Na siku utakayochoka kupaka, ndiyo siku watakayokurudisha."

Akamtoa Mwana sandukuni, akamlaza mapajani mwake. Halafu akanituma. "Kaniletee bakuli langu la hina."

Bibi mwenyewe alikuwa akipaka hina nywele zake, kama wanawake wengi wa umri wake. Kichwa chake kilikuwa na rangi ya udongo wetu baada ya mvua, na alijivunia, hasa siku za Idi. Alichanganya unga wa hina na chai ya rangi iliyokolea, akakamulia ndimu, akatoka nayo uani mchana kweupe. Pale uani, majirani wa mistari yote miwili wakimwona, alimpaka Mwana utosi mpaka ncha. Shangazi hakuwa na nguvu ya kubisha. Mama alinong'ona kwamba mama mkwe wake amechanganyikiwa. Mimi nilishika bakuli, na mikono yangu ilibaki myekundu wiki nzima.

Ijumaa wakaja. Bi Zaina alikuja na dada zake, na Hemedi aliwasindikiza. Kwa adabu ya kwetu mkwe wa kiume haketi chumba kimoja na mama mkwe wake, kwa hiyo alibaki kibarazani. Salamu zilikuwa ndefu, kila mtu aliulizwa hali ya kila mtu, hata mbuzi. Chumba kilikuwa na joto, Bi Zaina akalegeza mtandio ajipepee. Hapo sote tukauona ule mstari mweusi kwenye paji la uso wake, mahali piko ilipovuka nywele ikaingia ngozini. Shangazi aliinamisha kichwa. Bibi aliinuka. Alimtoa Mwana akamweka juu ya mkeka katikati ya wageni.

"Mkwe," alisema Bi Zaina, "sisi tuliambiwa Mwana wenu ana nywele nyeusi."

"Alikuwa nazo. Zimeota mvi, nikampaka hina."

"Mwanasesere anaota mvi?"

"Mnaamini anaweza kumfungia mtu kizazi. Kuzeeka kutamshinda?"

Mmoja wa dada zake alicheka, akajifanya anakohoa.

Bibi aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama alivyozungumza siku zote mbele ya Mwana. "Huyu amenilea mimi, amewalea na binti zangu. Mvi zake ni za kazi, sizionei haya. Mwanamke wetu akizeeka tunampaka hina aonekane amezeeka vizuri. Hatumpaki masizi tukasema ni msichana."

Mkono wa Bi Zaina ulipanda wenyewe kwenye paji la uso.

"Kwa nini mwanangu hajazaa, mimi sijui," Bibi alisema. "Wewe hujui. Mwana naye hajasema. Kama mmekuja kumrudisha Mwanaidi, mrudisheni kwa vinywa vyenu, nami nitampokea kwa furaha kwa sababu ni mtoto mwema. Lakini msimsingizie huyu bibi kizee."

Ndipo sauti ya Hemedi ikaingia kutoka kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Bibi alijibu.

"Mimi sikuja kumrudisha mtu. Nimekuja kumfuata mke wangu."

Bi Zaina alitazama mlangoni, akawatazama dada zake, hakupata msaada. Akamnyanyua Mwana, akazipapasa zile nywele kwa vidole, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Hina hii," aliuliza hatimaye, "mmechanganya na nini?"

"Chai ya rangi na ndimu."

"Niwekee kidogo niende nayo."

Ninaposimulia kisa hiki, wasikilizaji hungoja niwaambie kwamba Shangazi alizaa mapacha. Hakuzaa. Aliishi na Hemedi mpaka akamzika. Bi Zaina alipopooza, Shangazi ndiye aliyemwogesha na kumlisha, na kila nywele zilipochipua nyeupe, alimpaka hina. Yule mama hakumwoza mwanawe mke mwingine wala hakulitaja tena tumbo la mtu.

Nimesoma, nimefundisha, na najua habari ya moshi na katani. Bado simcheki Bibi. Yeye hakuacha kumwamini Mwana hata siku moja. Alikataa tu imani yake itumike kumfukuzia mwanawe, na aliikatalia palepale mbele ya wenye nguvu, bila uongo. Mzungu mmoja mkusanyaji wa vitu vya kale alipotaka kumnunua Mwana, nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Mara ya mwisho nilipokwenda Makuyuni, Shangazi akiwa kitandani, nilimuuliza kama aliwahi kujutia kutozaa. Alisema ndiyo, mara nyingi, na usiku hasa. Kisha akanishika mkono.

"Lakini mimi nimeolewa mara mbili na mume yuleyule," aliniambia. "Mara ya kwanza nilitoka kwetu nimefunikwa kanga, nikilia. Mara ya pili, ile Ijumaa, nilitoka uso wazi."