Vidonge Vilivyokuwa Stoo Siku Zote

Mpaka leo mtu akiniambia "utafiti bado unaendelea" damu hunichemka, na sababu yake ni mtoto wa dada yangu.

Miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, nilikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ndogo upande wa Homa Bay. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Muhuru Bay, kwa watu wa kuvua samaki. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alizaliwa mnene na mtulivu, na wanawake wote walimsifu dada kwa kupata mtoto asiyelia. Kazi yake ilikuwa kulala. Ilibidi aamshwe ndipo anyonye. Choo alipata kwa shida, kitovu kilitokeza kama kidole gumba, na ngozi yake ilikuwa kavu na baridi hata jua likiwa kali. Alipofika miaka mitatu alikuwa hajasimama. Ulimi haukutoshea mdomoni. Neno lake lilikuwa moja, "ma", na alilitamka kwa sauti nzito kama mtu mwenye mafua.

Mama mkwe wa dada alisema ni chira, kwamba kuna mwiko ulivunjwa katika ndoa ile. Kanisani wakamwombea. Mume wa dada akitoka ziwani alikuwa anaketi karibu na dagaa zilizoanikwa, omena kama tunavyoziita, anamtazama mtoto, basi. Mimi nilikuwa na elimu yangu ndogo ya wodini, na sikuwa na la kuwaambia. Hilo liliniudhi kuliko maneno ya chira.

Kisha akaja daktari mgeni, mtu wa ng'ambo, kuchunguza watoto wenye akili nzito katika sehemu za ziwani. Hospitali ikanitoa wodini nimsaidie kutafsiri, kwa sababu nilijua Kiingereza cha kutosha na Kijaluo nilizaliwa nacho. Nikatuma habari Muhuru Bay, dada akaja na mtoto mgongoni.

Daktari alikuwa na utepe wa kupimia vichwa, kamera, na kadi za picha. Mtoto aliulizwa aoneshe soksi za sufu. Aliulizwa aoneshe gari la theluji. Nikamwambia daktari kwamba hata mimi kitu hicho sikijui. Akasema utaratibu ni huo, niendelee. Basi nikaendelea kumwuliza mtoto wa mvuvi kuhusu theluji, naye daktari akawa anaandika sifuri.

Lakini alipomshika mtoto shingo, akautazama ulimi, akakibonyeza kitovu, aliweka kadi chini. Kisha akasema, "Huu ugonjwa tunaujua. Kuna tezi hapa shingoni haifanyi kazi. Bila kile inachotoa, mwili haukui, na ubongo haukui."

"Dawa yake ipo?" nikauliza.

"Ipo, tena ya siku nyingi. Kidonge kidogo kila siku. Kwetu mtoto akianzishiwa katika wiki zake za kwanza, mara nyingi anakua vizuri."

"Na huyu?"

"Huyu amechelewa. Hata hivyo itamsaidia. Ila kwanza lazima nithibitishe kwa damu."

Nikamweleza dada yote. Yeye aliuliza neno moja tu. "Anampa lini?"

Nikamuuliza daktari. Akasema majibu yatatoka kwao, yatachukua muda. Akatoa damu, akampiga mtoto picha mbele na ubavuni, akaniandikia jina la dawa kwenye kipande cha karatasi. Dada akamtazama akifunga masanduku yake.

"Nyamera, ndugu yangu," akaniambia, "huyu mtu amebeba kamera na kadi za soksi kutoka ng'ambo. Vidonge vilimshinda uzito?"

Nikatafsiri. Daktari akawa mwekundu, akasema yeye kazi yake ni utafiti, matibabu ni ya hospitali.

Nikaenda kwa hospitali, yaani kwa daktari wetu mkuu. Bila kuitazama karatasi yangu akasema hawezi kumpa mtoto dawa kwa kubahatisha, asubiri majibu ya damu. Nikaenda kwa bwana stoo, Mkuria mmoja kutoka Kegonga, mtu mpole aliyependa mambo yake yawe kwenye mstari. Alilinganisha karatasi yangu na orodha ya dawa za watoto, kidole kikishuka polepole.

"Hii hapa hakuna, dada," akasema. "Kwa watoto hakuna kabisa."

Nikamwandikia yule daktari barua ng'ambo. Mvua za masika zikaisha, mavuno yakaingia, nikaandika nyingine. Jibu likaja likinishukuru kwa uvumilivu wangu, ambao sikuwa nao. Kila nilipokwenda Muhuru Bay dada hakuniuliza tena. Alikuwa ananipa chakula, anamlaza mtoto mapajani mwangu na kwenda kugeuza omena, nami nakaa pale na kichwa kile kizito mkononi, nikijua jina la dawa yake kwa moyo.

Mwaka ulipita ndipo ripoti ikafika. Ilikuwa na kurasa chache. Mtoto wetu alikuwa ndani, bila jina, akiitwa namba kumi na saba, na picha yake ya ubavuni. Damu ilikuwa imethibitisha. Nikaruka hadi mwisho kutafuta palipoandikwa apewe nini. Mwishoni paliandikwa kwamba utafiti zaidi unahitajika. Daktari mkuu aliisoma, akasema ni kazi nzuri, akaifungia kabatini.

Wiki chache baadaye metroni, mkuu wa wauguzi, alinituma stoo kumsaidia bwana stoo kuhesabu mali. Nilikuwa juu ya ngazi, nikimsomea majina, nikasoma jina moja, nikaigeuza lebo kwenye mwanga. Nikalisoma tena. Lilikuwa lile lile la kwenye karatasi. Makopo manne.

"Hizi ni za nani?" nikauliza.

"Hizo ni za kina mama waliopasuliwa shingo. Ile goita, tezi ya shingoni ikivimba. Zinakuja kila mwaka."

"Nilikuonesha hili jina."

Akafungua daftari lake. "Ulinionesha kwa orodha ya watoto," akasema. "Ukaniuliza kama watoto wanayo. Hii iko kwa wakubwa."

Nilishuka na kopo mkononi, akinifuata nyuma na daftari lake akiniomba nitie sahihi, nikaenda moja kwa moja kwa metroni. Metroni alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisoma kopo, akasoma karatasi yangu iliyokwisha chakaa, akaenda kabatini akaitoa ripoti mwenyewe. Tukaingia wote watatu kwa daktari mkuu. Alisoma, akafungua kitabu kinene, akahesabu kipimo cha mtoto, akaandika. Hayo yote yalichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Mbona hukuniambia ni dawa ya goita?" akaniuliza.

"Mimi ni muuguzi msaidizi," nikasema. "Wewe ndiye daktari." Metroni akanikanyaga mguu.

Tukaanza na robo ya kidonge, iliyosagwa kwenye maziwa. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa mateso. Mtoto aliyekuwa hajui kulia alilia mchana kutwa, alitoka jasho, alirusha kikombe. Mama mkwe akasema tumemtia wazimu, afadhali alivyokuwa. Hata dada alisita. Nikaomba likizo nikakaa nao Muhuru Bay, nikamhesabia mtoto mapigo ya moyo kila asubuhi, nikimwambia yule mama, "Mama, anaamka. Mtu akiamka anasumbua." Maziwa aliendelea kuchemsha yeye.

Kabla ya mwaka kuisha mtoto alisimama akishikilia ukuta. Ngozi ililainika, ulimi ukarudi mdomoni, kitovu kikaanza kuingia. Akatembea. Akajifunza kuita watu, kuimba nyimbo za kanisani, kuchagua dagaa mbovu na nzuri. Lakini alipofika umri wa shule mwalimu alimrudisha nyumbani baada ya muhula mmoja. Herufi hazikukaa kichwani. Ile miaka ya mwanzo ilikuwa imekwenda na kitu ambacho kidonge hakikuweza kukirudisha.

Dada alizaa tena msichana. Nilifika siku ya nane. Mtoto alikuwa mnene, mtulivu, macho ya manjano kidogo, mwili baridi. Wanawake walikuwa wanamsifu. Mimi na dada tulitazamana. Tulipanda basi kesho yake, kupitia Migori, mtoto kifuani. Daktari mkuu alikuwa mwingine, kijana. Akasema ni vizuri tusubiri damu. Nikamwambia atoe damu, na dawa aanze leo, na kama damu itasema hapana tutaacha. Tulibishana mpaka mgonjwa wa foleni akachungulia kuona kuna nini. Mwishowe akaandika.

Huyo wa pili amesoma. Anamsomea dada barua zangu, na ananiandikia majibu yake kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Dada aliniambia siku moja tukipepeta mtama, binti zake wote wawili wakiwa uani, mmoja akimfundisha mwingine kufunga kitambaa, "Wamezaliwa na ugonjwa mmoja. Na ile dawa ilikuwako kabla ya wote wawili." Kisha akaendelea kupepeta.

Nilianza kuzunguka kwa wakunga siku zangu za mapumziko, hadi Lambwe, nikiwaambia kwamba mtoto asiyelia, anayelala kupita kiasi na mwili wake ni baridi, asisifiwe, aletwe. Daktari kijana alisema takwimu za kuunga mkono kazi hiyo bado hazijapatikana. Nikamwambia azitafute, mimi nawahi basi.