Mlango wa Wodi ya Wazazi

Manesi walimwita Bomoa-Jenga, naye hakununa, maana jina lilimkaa. Alikuwa seremala wa hospitali kuu, na kila mkurugenzi mpya alipoingia na mageuzi yake, wa kwanza kuitwa alikuwa yeye. Huyu alitaka vyumba vidogo vidogo, aliyefuata akataka ukumbi mmoja. Kila zama na kitabu chake. Alasiri, vumbi la mbao likielea kwenye mwanga wa dirisha, usingizi ukimnyemelea, alihisi jengo zima likijigeuza taratibu kama mgonjwa anayetafuta ubavu usiouma. Alilipenda na kulihurumia.

Ukuta mmoja tu haukuwahi kuguswa, ule wa mbao wa wodi ya wazazi. Aliujenga mwenyewe ujanani, kwa amri, ili ndugu wasisumbue. Nyuma yake mkewe alijifungua akimwita mama yake, na mama huyo yuko upande wa pili, haruhusiwi kuingia. Mkewe hakuusamehe ukuta ule.

Sasa alikuja muuguzi mkuu aliyewahi kujifungulia mlemle. Akasema kila mzazi awe na mtu wake mmoja, na ukuta utobolewe mlango. Amri ilitoka siku ileile Umina, binti wa Bomoa-Jenga, alipoletwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza.

"Fundi, punguza kelele!" mkunga alifoka kutoka ndani. "Tunazalisha huku!"

"Na mimi nazalisha mlango, dada!"

Mkewe alisimama nyuma yake, shuka kifuani. "Baba, fanya haraka. Na akija mkubwa mwingine akataka pazibwe?"

"Nitaziba. Halafu atakuja aliyelala humo, nitazibua tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Msumeno ulimaliza kona ya mwisho, ubao ukaanguka ndani. Mara sauti ya binti ikapaa: "Mama! Mama yangu yuko wapi?"

Mkewe hakungoja fremu wala bawaba. Aliinama, akapenya, vumbi la mbao limemjaa kitambaani.

Bomoa-Jenga alibaki ameushika mlango ambao haujapata pa kuning'inia.

"Nipo, mwanangu," alimsikia mkewe akisema. "Shika mkono wangu. Umina, usiogope, siendi popote."

Hapo mzee wa watu akalia waziwazi, mbele ya manesi wote.