Taa Iliyowaka Njombe Tu

Miaka ile magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, nami nikapata langu. Kila asubuhi pale Njombe taa ya injini iliwaka, na mama akagoma kulipanda kwenda kwa dada yake Makambako. "Gari lenyewe linasema linaumwa!"

Nikilifikisha kwa fundi Makambako, taa imezimika. "Taa gani, kaka? Umeota?"

Mwishowe fundi akaja kulala kwetu, amevaa makoti ya Makambako nzima. Asubuhi aliniona nikiliwasha na kuliacha lingurume mpaka chai ikaisha, ili mama akute joto, maana baridi yetu hugandisha salamu mdomoni. Taa ikawaka.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Likinguruma limesimama, masizi yanaziba sensa, kile kifaa kinachonusa moshi kwenye bomba la ekzosi. Njiani linachemka, masizi yanaungua, taa inazima. Washa, uondoke."

Mama alisimama mlangoni na blanketi lake. "Yaani nipande gari likiwa na baridi?"

"Ndiyo, mama," fundi akajibu.

Mama akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango. "Basi iacheni iwake."