Mwenyekiti na Ubeti wa Pili

Mwenyekiti wa kwaya amefariki, wasomaji wangu, na kambi yetu nzima ya wakimbizi, Nakivale, imeambiwa kwamba tumepoteza mtu wa umoja. Nilikuwepo mazishini. Niliwasikia wasemaji wakipokezana kumsifu mpaka nikajiuliza kama jeneza lile lilikuwa la mtu niliyemfahamu. Marehemu hasemwi vibaya, nakubali, lakini hakuna aliyetuagiza tumseme uongo.

Mtu niliyemfahamu mimi alikuwa ameketi katika studio moja kule Ruti, Mbarara, nyuma ya fundi, akielekeza kwa kidole. Nami nilikuwa nimeitwa kuandika maneno ya wimbo yanayopita chini ya picha. Kwaya ilikuwa imerekodiwa kwa kamera tatu, kila mwimbaji na maikrofoni yake karibu na mdomo, akiimba taratibu kama fundi alivyoagiza, na sauti ya kila mmoja ilihifadhiwa peke yake. Kazi hiyo ina raha yake: unamwongeza huyu, unampunguza yule, mpaka wimbo ukolee kama mboga iliyopata chumvi. Mwenyekiti alianza kwa kujiongeza mwenyewe, kama wafanyavyo wenyeviti wote. Kisha akasema, "Ule mama wa ubeti wa pili, tosha sauti yake, asisikike. Sura ibakiye, batu basiseme tulimufukuza." Yule mama, muuza unga wa muhogo aliyeimba ubeti huo peke yake, alikuwa na kosa moja tu: aliuliza mbele ya wanakwaya wote uchaguzi wa mwenyekiti utafanyika lini. Nilimwambia mwenyekiti kwamba huo ni uonevu. Akanijibu, "We andika maneno. Sauti ni kazi ya prezida," yaani yake yeye mwenyekiti.

Video ikatoka. Mama aliitazama sokoni, kwenye duka la kuchaji simu, akiwa na wateja wake: mdomo wake unafunguka, mikono yake inapanda, na hakuna kinachosikika ila kinanda. Watu walicheka. Mama yake mzazi, aliyebaki Uvira, alipotumiwa video hiyo alipiga simu kuuliza kama mwanawe ameugua koo. Nilikasirika siku hiyo, na hasira haijaisha. Tumekimbia wakubwa wasiotaka kuulizwa swali, tukavuka mipaka na watoto mgongoni, tukapewa viwanja, na hatukukaa sana kabla ya kujichongea mkubwa mwingine wa namna ile ile. Huyu wetu hakuwa hata na jeshi. Alikuwa na suti na ufunguo wa kabati la kinanda, navyo vilimtosha.

Huko mazishini mjane wake, ambaye ana utu kuliko sisi wote, alimwomba mama yule aimbe ubeti wa pili. Wanakamati wakamkimbilia na maikrofoni. "Iyo micro mubakiye nayo," akawaambia kwa upole. "Miye nitaimba hivi tu." Akaimba kwa kifua chote. Mchungaji alikuwa ameshaanza sala ya mwisho na hakutaka kuikatiza, basi sala na wimbo vikaenda pamoja, na waliosimama mbali kwenye mahindi wakaacha kuongea. Nililia, ingawa si kwa ajili ya marehemu.

Wiki hii kamati, wanafunzi watiifu wa mwalimu wao, imepeleka video ya mazishi kwa fundi yule yule wa Ruti na ombi lile lile: mama atolewe. Fundi, Mnyankole asiye na maneno mengi, aliwajibu, "Huyu mama hakushika maiki, sasa ameingia kwa maiki yote. Nikimtoa, pastor pia anatoka." Wakarudi Nakivale, na nasikia sasa wanajadili kuisambaza video hiyo bila sauti kabisa. Hapo ndipo hufika kila mkubwa anayeanza kwa kuzima sauti ya mtu mmoja: mwishowe hubaki na picha ya watu wanaofungua midomo, na yeye mwenyewe ni mmoja wao.