Fundi wa Mosocho na Gurudumu la Ogembo

Mwandishi wa habari hii anaijua kromu kuliko mtu yeyote kati ya Mosocho na Nyamira. Ameitumia kama kioo miaka mingi: kila akipita penye gari limeegeshwa, huinama mbele ya gurudumu na kuweka kilemba chake sawa.

Anayeijua kweli ni Persis Kwamboka.

Ni saa mbili asubuhi, Ijumaa, mwezi huu wa Juni 1973. Umande bado uko kwenye migomba ya Mosocho, na Persis ameketi juu ya sanduku la bati kando ya kibanda chake. Anasimama. Anatazama barabara. Anaketi. Sanduku limefungwa kwa kamba ya mgomba, na ndani yake mna nguo, Biblia, na brashi alizozifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Amelifunga tangu Jumapili," anasema Bitutu, muuza ndizi wa jirani. "Akitaka leso, anafungua. Akishafuta jasho, anafunga tena. Huyu hata akikaa, miguu inatembea."

"Na wewe hata ukinyamaza, mdomo unatembea," Persis anamjibu, bila kuacha kutazama barabara.

Persis, mwenye miaka thelathini na mitano, hupaka rangi kwenye kofia za magurudumu, zile sahani za kromu zinazofunika katikati ya gurudumu. Wenye Peugeot na wenye pikapu hutaka mstari mwekundu au mweupe uizunguke kromu, ili gari likipita sokoni watu waulize ni la nani. Siku nzuri Persis anarudi nyumbani na nyama. Siku mbaya anarudi na salamu.

Kupaka, anasema, hata mbuzi anaweza akifungiwa brashi mkiani. Kazi ni kuifanya rangi ikae.

"Kromu ina majivuno," anaeleza, huku akiwa amekwisha simama tena. "Haitaki kushikwa. Ukiipaka hivi hivi inakuchekea, inangoja mvua ya kwanza, inavua rangi yote kama koti."

Kwa hiyo huanza kwa kuinyenyekeza. Huiosha kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yale ambayo mama zetu walifulia nguo, mpaka mafuta yote yatoke. Halafu hubandika tepu pande zote mbili za mahali mstari utakapopita, na hapo katikati husugua kwa msasa wa maji hadi mng'ao ufe. Baada ya hapo hakuna kugusa kwa kidole, maana kidole nacho kina mafuta. Rangi ya chini hupakwa nyembamba. Ikikauka, nyekundu, nayo nyembamba. Mwisho vanishi.

"Watu hudhani rangi inapenda palipo laini," anasema. "Hapana. Inataka palipokwaruzika, ipate pa kuweka kucha."

Alijifunza ukwaruzaji kwa wajomba zake wa Tabaka, wachonga mawe. Lakini wao humalizia kinyago kwa kukifuta na unga wa jiwe lenyewe, kiwe laini kama mashavu ya bibi harusi. Persis anaucheka unga huo. Ukipaka rangi juu yake, anasema, ni kama kumkalisha mgeni juu ya sabuni.

Leo anamsubiri Bwana Obwocha, mzaliwa wa Nyamira, ambaye ni msimamizi wa gereji moja ya Kisumu. Mwezi wa pili Obwocha alipita hapa akaona kazi za Persis. Alizisifu, kisha akasema rangi yoyote ni nzuri wakati wa kiangazi. Akampa mtihani: apake kofia moja, ifungwe kwenye gari la kazi, ipigwe na mvua yote ya masika katika barabara ya Ogembo. Ikiwa nzima mwezi wa sita, Persis atapata nafasi Kisumu, chini ya paa la mabati, penye magari kila saa. Ikibanduka, abaki Mosocho. Tena fundi mwenyewe asiiguse hata kwa kitambaa.

"Nikakataa hata kuiona," anasema Persis. "Macho yakiona, mikono itafuata."

Kofia hiyo iko kwenye gurudumu la mbele la pikapu ya mwenye duka mmoja wa Ogembo, anayebeba ndizi na mabati. Dereva ni mume wa Persis, Walter Omwenga. Pikapu hulala Ogembo. Omwenga huja nyumbani kwa Sabato kwa miguu au kwa lifti, na kila Ijumaa amekuwa akiulizwa swali moja kabla hajavua viatu.

Pikapu inaingia saa sita, imejaa tope hadi madirishani. Kofia peke yake inang'aa. Mstari wake mwekundu unaonekana tangu upande wa pili wa barabara.

Persis hasogei. Ameshika kamba ya sanduku.

"Iko?"

"Iko, Mama Momanyi. Kama ulivyoiacha."

"Hakuna palipobanduka?"

"Ningekuficha?" anasema Omwenga. "Hao wengine walikuwa na wasiwasi. Mimi nilikuamini tangu siku ya kwanza."

Persis anacheka, anakaa, anasimama, anampelekea chakula. Ni ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Omwenga anaomba kijiko.

"Kijiko?" Bitutu anashangaa. "Mwanamume wa Kisii na ugali wa wimbi, kwa kijiko?"

"Ndiyo mambo ya Ogembo siku hizi," anajibu, akikishika kijiko kwa ngumi, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mfuko wa koti. Akimaliza kula, na wa kulia unaufuata mwenzake.

Saa nane, Obwocha hayupo. Saa tisa, mawingu yanakusanyika juu ya vilima kama kila siku. Persis anafagia palipofagiliwa. Anamuuliza kila mwenye baiskeli anayetoka upande wa Kisumu kama ameona gari. Kanisa lake ni la Wasabato, na hilo ndilo linalomwasha miguu zaidi.

"Jua likizama mimi si fundi tena mpaka kesho jioni," anasema. "Na kesho kutwa yeye anarudi Kisumu alfajiri. Asipofika mchana huu, basi."

"Ile rangi yako hukauka hata siku ya Sabato," Bitutu anamchokoza. "Haijabatizwa?"

Hakuna anayecheka. Hata Bitutu anatazama jua.

Obwocha anafika vivuli vikiwa virefu, kofia ya kichwani ameishusha hadi kwenye nyusi. "Bwairire," anawasalimu, na bila maneno mengi anachuchumaa mbele ya gurudumu. Anainamisha kichwa huku na huku.

"Imekaa," anasema taratibu. "Haki ya Mungu, imekaa."

Kisha anapitisha ukucha wa dole gumba.

Wekundu unatoka. Hautoki kidogo; unatoka kama ganda la kitunguu, ukanda mzima, na unaanguka matopeni.

Obwocha anajifuta kidole. "Pole, dada," anasema, na kwa kweli uso wake una pole. "Ni masika makali." Anageuka kwenda zake.

Persis anapiga magoti matopeni na sketi yake ya Sabato. Anaokota lile ganda, analisugua kati ya vidole. Linateleza. Upande wa chini lina weupe kama unga.

"Bwana Obwocha, ngoja."

"Dada, giza linaingia."

"Ngoja! Hii si rangi yangu."

Anavuta ndoo ya maji ya majivu, analowesha kitambaa, anasugua. Ganda lote linatoka bila ubishi, na unga mweupe unatoka nalo. Chini yake kuna mstari mwingine mwekundu, mwembamba, umefifia kidogo, una alama ya kugongwa na jiwe mahali pamoja tu. Obwocha anaukwaruza kwa ukucha. Anatoa ufunguo wa gari, anakwaruza tena. Anajaribu mahali pengine, na pengine tena, akiguna.

Mstari haujali.

"Huu ndio niliouona mwezi wa pili," anasema. Anasimama, magoti yakilia. "Lete sanduku lako Jumatatu. Lakini nani alipaka huu upuuzi wa juu?"

Jua linagusa ncha za mikaratusi. Wote watatu wanamgeukia dereva.

"Huko Ogembo watoto ni wengi," anasema Omwenga.

"Watoto wa Ogembo wana unga wa mawe ya Tabaka?" Persis anauliza. Sauti yake imeshuka sana. "Baba Momanyi, ulikiona hicho kialama cha jiwe ukaogopa, si ndiyo?"

"Mimi? Niogope nini? Nimesema nilikuamini."

"Ukapaka juu yake ili nisiaibike."

"Mimi sijashika brashi tangu nizaliwe!"

"Basi apa," anasema Bitutu, ambaye siku nzima hajakisahau kile kijiko.

Omwenga anatazama barabara, anatazama jua, anamtazama mkewe. Kisha anautoa mkono wa kulia mfukoni na kuuinua juu, kama anavyoinua kanisani.

"Mbele ya Mungu," anaanza.

Hamalizi. Kucha zote tano ni nyekundu.